Bungo liingie jikoni kwanza

Pilipili manga, kabla haijaanikwa ikasinyaa na kuwa nyeusi, ni tunda dogo la kijani linaloota kwa vichala kwenye mmea unaotambaa juu ya mti mwingine. Mkulima wa Pemba anajua mmea huo unapenda kupandia mti wa aina gani, ukatwe wapi ili kupata vipando, vichala vichumwe vikiwa vimefikia wapi na vianikwe jua la siku ngapi. Mbungo nao ni mmea wa kutambaa. Nao hupandia miti, nao huzaa tunda ambalo kila Mpemba analijua kwa macho, kwa harufu na kwa meno yaliyokufa ganzi kwa ukali wake. Hata hivyo, juhudi tuliyoitia kwenye pilipili manga, hata robo yake hatujaitia kwenye bungo. Tumeliacha liwe tunda la pori: likiletwa sokoni tunanunua, lisipoletwa hatuulizi. Zambarau, kunazi na birimbi zimo katika kundi hilohilo la matunda madogo, machachu, ya watoto wanaotoka skuli, ambayo hakuna anayeyakumbuka anapohesabu mazao ya kisiwa. Hoja yangu ni kwamba matunda haya yanastahili kupandwa uani kwa makusudi, na kwamba safari ya kuyafikisha huko inaanzia jikoni, kabla ya soko na kabla ya mradi wowote.

Ushahidi wangu wa kwanza ni mbirimbi. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, lakini leo umetulia katika viwanja vya nyumba za Unguja na Pemba kana kwamba ulizaliwa hapa, aghalabu nyuma ya nyumba, karibu na jiko au penye maji ya kuoshea vyombo. Haukuenezwa na bei, kwa kuwa hauna bei ya maana. Ulienezwa na mpishi. Birimbi mbili tatu zikitiwa kwenye mchuzi wa samaki hukata shombo, huupa mchuzi ukali wa ndimu bila ule uchungu wa ndimu iliyochemka, na zenyewe hulainika zikaliwa pamoja na wali. Zikizidi mahitaji, hupasuliwa kwa urefu, hutiwa chumvi, huanikwa kwenye ungo hadi zisinyae kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, kisha huchanganywa na pilipili, siki na bizari zikawa achari inayokaa miezi. Mti unaotumika hivyo hauhitaji afisa wa kuuhimiza. Unapokatwa kwa ajili ya ujenzi, mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayetafuta mche mwingine kwa jirani, maana siku ya kwanza tu atakapopika changu au kibua atauona upungufu wake.

Linganisha na mazao tuliyoyapanda kwa ajili ya wengine. Mkarafuu uliletwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuwa shamba kuu. Tangu hapo kisiwa kimepanda na kushuka pamoja na bei ya zao moja. Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, ikizisaga ndani ya sigara zake za kreteki. Ilipojitosheleza kwa karafuu zake yenyewe katika miaka ya 1980, bei ilianguka na mashamba mengi yakaachwa yakaota magugu. Vanila ina kisa kinachofanana, ila kimekwenda mbio zaidi. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na kwa kuwa mdudu wake wa asili hayuko huku, lazima lichavushwe kwa mkono, ua moja moja, kwa kijiti chembamba, kwa namna ileile aliyoivumbua Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Wakulima wa Pemba wameimudu kazi hiyo. Bei ya dunia ilipopanda hadi kupita dola 500 kwa kilo karibu na mwaka 2018, kila mtu alitaka vanila. Miaka michache baadaye ikaporomoka, na aliyepanda akiitazama bei ile akabaki na marando yasiyo na faida na punje asizojua kuzipikia chochote. Sisemi mikarafuu ing'olewe, na wala sina ugomvi na vanila. Ninachosema ni kwamba zao lisiloliwa nyumbani halina pa kukimbilia soko likigeuka. Birimbi haijawahi kuanguka bei, na mti wake haujawahi kukatwa kwa sababu ya habari iliyotoka Jakarta au Antananarivo.

Sasa tulitazame bungo kwa karibu, maana ndilo lenye utajiri ambao hatujaugusa. Jina lake la kisayansi ni Saba comorensis, na kama jina linavyodokeza, linapatikana Komoro na Madagaska pamoja na sehemu kubwa ya Afrika ya joto. Tunda likiiva huwa la rangi ya machungwa, ganda lake ni nene na gumu, na ukilipasua utomvu mweupe hukimbilia vidoleni. Ndani mna kokwa nyingi zilizovikwa nyama yenye nyuzi, njano iliyokolea, yenye harufu inayojaza chumba. Sharubati yake haina siri: kokwa hulowekwa kwenye maji, hupekechwa kwa mkono au kwa mwiko mpaka nyama iachane na kokwa, huchujwa, hutiwa sukari na pengine chembe ya chumvi. Watu wa visiwani huipenda wakati wa kufuturu, nao watoto hulila tunda lenyewe kwa chumvi na pilipili. Na hapo ndipo tulipoishia. Tumelifanya bungo kuwa kinywaji na kichangamsha mdomo, tukasahau kwamba rojo lile lisilotiwa sukari ni kiungo. Lina ukali wa ukwaju na manukato ambayo ukwaju hauna. Lichemshwe na kitunguu, thomu na pilipili mbichi, litakuwa chatini ya kuliwa na muhogo wa kuchemsha au samaki wa kukaanga. Litiwe kwenye mchuzi wa pweza badala ya ndimu. Litumike kwenye urojo siku embe mbichi zinapoadimika, kwani urojo unachotaka ni uchachu, haujali umetoka mti gani. Tahadhari moja tu kwa mpishi: vitu vikali namna hii visichemshwe wala kulazwa ndani ya sufuria ya alumini, kwa sababu ukali huila alumini na chakula hubeba ladha ya chuma. Chungu cha udongo, ambacho Pemba hakijakosekana, ndicho chombo chake.

Zambarau ina habari fupi zaidi. Ni tunda la msimu mfupi na umri mfupi. Likichumwa leo, kesho limeanza kuchacha. Lakini mti wake ni ndugu wa damu wa mkarafuu, kwani yote miwili ni ya jenasi ya Syzygium, pamoja na mtufaa, na hustawi katika udongo na mvua zilezile zilizoufanya mkarafuu uipende Pemba. Kuna shehia katika Wilaya ya Wete iitwayo Mzambarauni Takao, jambo linaloonyesha kuwa mti huu ulikuwa mkubwa wa kutosha kuwa alama ya njia. Ukakasi wa zambarau, ule unaokaza ulimi, hupungua zikitiwa chumvi kidogo ndani ya bakuli lililofunikwa na kutikiswa kwa nguvu. Zikipikwa na tangawizi na siki hutoa chatini ya rangi ya wino. Kuna wanaosaga kokwa zake na kuziuza kama dawa ya kisukari. Mimi ningemshauri mgonjwa asiache vidonge vyake kwa ajili ya unga huo.

Kunazi nayo inanivutia kwa sababu ya mahali inapoweza kuota. Pemba si ardhi moja. Magharibi na katikati ni vilima na mabonde ya udongo mzito, makao ya mikarafuu na mpunga. Mashariki, na hasa upande wa Micheweni, kuna ukanda wa mawe ya matumbawe yenye udongo kiduchu, ambako mkarafuu ni ndoto. Mkunazi ni mti wa nchi kavu. Hustahimili jua na chumvi ya upepo wa bahari, hukatwa na kuchipua tena, na miiba yake huufanya uzio ambao mbuzi haupiti. Majani yake kila Mwislamu wa pwani anayajua kwa ajili ya kuoshea maiti, kwa hiyo si mti wa kufundishwa mtu. Lililosahaulika ni kwamba tunda lake hukaushika vizuri kuliko mengine yote katika kundi hili. Katika bonde la Zambezi, nchini Zimbabwe na Malawi, kunazi huitwa masau. Huanikwa, hutwangwa, na unga wake hutengenezwa vitumbua na uji miezi mingi baada ya msimu kwisha. Wilaya inayohesabiwa miongoni mwa maskini zaidi Zanzibar ingeweza kuwa na akiba ya namna hiyo darini, bila kiwanda na bila jokofu.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa daktari, na ni pingamizi zito: matunda machachu yanaomba sukari. Jamu ya kawaida inayokaa bila kuharibika huhitaji sukari karibu sawa na uzito wa tunda lenyewe, na sharubati ya bungo ya kunyweka hunywa sukari kama mchanga unavyokunywa maji. Katika jamii ambayo kisukari na shinikizo la damu vimekuwa maneno ya kila nyumba, kuhimiza jamu na sharubati kwa jina la lishe ni kujidanganya. Nakubaliana na pingamizi hili kwa asilimia zote, na ndiyo maana nimeanza na mchuzi. Karibu kila mtu anapofikiria kuyaongezea thamani matunda haya humjia akilini chupa ya jamu yenye karatasi ya rangi, kwa sababu ndiyo picha tuliyoiazima kwa wenye baridi, ambao walihitaji sukari ili matunda ya kiangazi yavuke majira ya theluji. Sisi mila yetu ya kuhifadhi ni chumvi, siki, pilipili na jua. Achari ya birimbi na ya embe ni ushahidi kwamba tulikuwa na jibu kabla ya swali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kijiko cha chatini hakitaifikia hesabu hiyo, lakini kunazi kumi za kukausha na zambarau zisizotiwa kitu zitaisogeza.

Daktari huyohuyo anaweza kuongeza la pili, na hapa sina budi kuwa mkali kwa tunda ninalolisifu. Birimbi imejaa asidi ya oksaliki. Mwaka 2013 madaktari wa jimbo la Kerala, India, walitoa taarifa ya wagonjwa walioharibikiwa figo ghafla baada ya kunywa maji ya birimbi yaliyokamuliwa, wengi wakiamini ni tiba ya lehemu au kisukari. Hao hawakudhurika kwa mchuzi. Walidhurika kwa kuyafanya maji ya tunda kali kuwa dawa. Mwenye maradhi ya figo na aiepuke kabisa; aliye mzima na aile kama ilivyoliwa na waliomtangulia, vipande vichache ndani ya chungu cha watu wanane. Taarifa ya namna hii haidhoofishi hoja ya kuipika. Inaidhoofisha biashara ya waganga wa mtandaoni wanaogeuza kila tunda la shamba kuwa tiba ya magonjwa arobaini, na hilo ni faida tupu.

Pingamizi la ardhi ni gumu zaidi, na wanaolitoa mara nyingi hawalifikishi mwisho wake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 540,000 katika kisiwa chenye kilomita za mraba zisizofika 1,000. Viwanja vinagawika kila urithi unapogawanywa. Lakini ufinyu wa eneo si tatizo kubwa kwa mmea wa kutambaa, unaoishi kwenda juu. Tatizo ni haki. Visiwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Mtu asiye na konde huazimwa mahali apande muhogo au viazi, lakini mti wa kudumu haruhusiwi kuupanda, kwa sababu anayepanda mti ameweka mguu. Waliopata eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964 walipewa kutumia, na mikarafuu iliyomo ina hesabu zake. Wanawake, ambao ndio wenye jiko, ndio pia walio wengi miongoni mwa wanaolima kwa kuazima. Kumwambia mwanamke wa Ole au Kangani apande mbungo kwenye konde la kuazima ni kumtafutia ugomvi. Ndiyo sababu nasisitiza ua. Kiwanja cha nyumba, hata kiwe kidogo, ndipo mahali ambapo mkono wa mwanamke una kauli, na ndipo mbirimbi ulipopata nafasi yake. Zaidi ya hapo kuna skuli, misikiti na ardhi za wakfu, ambako mti unaweza kuwa wa wote bila kumpokonya yeyote. Skuli yenye mkunazi kwenye mpaka na zambarau mbili kwenye uwanja haijapoteza darasa.

Mkulima wa embe naye ana neno, na anastahili kusikilizwa. Nzi wa matunda aliyetoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, kisha akasambaa sehemu kubwa ya Afrika kwa kasi ya kutisha, visiwa vyetu vikiwamo. Huyo hutaga ndani ya embe, mapera, kunazi na matunda mengine mengi, na kila mti unaozaa wakati embe hazipo ni nyumba ya kumlea mpaka msimu ufike. Ukipanda mipera na mikunazi kila ua, umemjengea nzi mabweni. Hili ni kweli pale matunda yanapoachwa yakaanguka na kuozea chini ya mti, yaani pale tunda linapokuwa si la mtu. Funza humaliza ukuaji wake ndani ya tunda lililoanguka, kisha huingia ardhini kugeuka nzi. Tunda linalookotwa kila asubuhi likapikwa, au lililooza likafungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuachwa juani, halizai nzi. Mti wenye mpishi ni salama kuliko mti usio na mwenyewe, na kwa hesabu hiyo jiko ni sehemu ya vita dhidi ya nzi, si upande wa adui. Nakiri usafi huo ni kazi ya kila siku na watu huchoka. Mahali penye mashamba ya embe ya biashara, ningependelea bungo lenye ganda nene litangulie na mapera yasubiri.

Zipo pia hofu za wahifadhi. Mzambarau ni mgeni kutoka Asia, ndege humeza tunda lake na kuzitupa kokwa mbali, na huko Hawaii umehesabiwa kuwa mti vamizi. Basi usipandwe kuuzunguka msitu wa Ngezi, ambao ni miongoni mwa mabaki machache ya msitu mkubwa uliofunika kisiwa kabla ya mikarafuu. Mbungo ni mwenyeji na hauna kosa hilo, lakini una lake: ukiachiwa, huelemea mti unaoubeba hadi kuukausha. Usipandishwe kwenye mkarafuu, wala kwenye mfenesi mchanga. Upewe mwembe mkongwe, au ujengewe chanja la miti migumu kama tunalojengea mapesheni, na upogolewe kila msimu ukipita ili matunda yasiishie juu kabisa, anakoyafikia popo peke yake. Popo mwenyewe hanitishi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwingine duniani, anakaribia kutoweka; katika miaka ya 2000 hesabu zikapita 20,000, baada ya vijiji kama Kidike kuamua kumlinda. Anakula matunda, ndiyo, na pia ndiye mpanzi wa mbegu za msituni asiyelipwa. Akichukua sehemu yake kwenye chanja, tumpe.

Anayebaki ni mtu wa biashara, ambaye atasema haya yote ni mazuri lakini hayalipi. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000 mwaka 2023, naye anaona kila meza ya asubuhi hotelini kama mdomo unaosubiri chupa ya zambarau. Simkatazi. Ila nataka akumbuke mpangilio wa mambo. Tunda la porini halina wingi unaotabirika, halina ladha inayofanana kutoka mti hadi mti, na mwenye hoteli hawezi kuandika menyu kwa kitu ambacho wiki ijayo hakipo. Wingi na ubora huo hutokea pale tu nyumba nyingi zinapokuwa zimepanda, zimechagua miti mizuri na kuifyeka mibaya, na zimekwisha kujifunza kwa makosa ni kiasi gani cha chumvi huzuia achari isiote ukungu. Tangu mwaka 2010 Pemba ina umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, kwa hiyo rojo la bungo lililogandishwa si jambo la ajabu tena. Kinamama wenye friji wanaweza kulihifadhi likavuka msimu na kuuzwa Ramadhani. Vikundi vikifika hapo ndipo viwango, nembo na vibali vitakapokuwa na maana. Tukianza na vibali, kikundi cha watu kumi kitamaliza mtaji wake kwenye karatasi kabla hakijauza kopo moja.

Na kuna kikwazo ambacho watu hawakisemi wazi: aibu. Mgeni wa heshima akiingia hufunguliwa soda au humiminiwa juisi ya boksi, na bungo huachiwa siku ambayo hakuna mgeni. Chakula kinachookotwa kina harufu ya ukata, hasa kwa kizazi kinachokumbuka miaka ya foleni na uhaba. Hisia hiyo siidharau. Lakini ukwaju nao huokotwa, na hakuna harusi inayouonea haya. Tofauti ni kwamba ukwaju umepata mapishi yanayojulikana kwa majina, na bungo limebaki na sharubati moja. Waandishi wa mapishi, vipindi vya redio za jamii vya Micheweni na Mkoani, na walimu wa vyuo vya hoteli wangefanya mengi hapa kuliko wataalamu wa kilimo. Chatini nzuri ikipata jina lake na ikaliwa kwenye shughuli moja kubwa ya Chake Chake, wiki inayofuata watu wataulizana imepikwaje.

Upande wa Serikali ninachoomba ni kidogo. Wakulima wamekuwa wakigawiwa miche ya mikarafuu bure kwa miaka, na vitalu vya kuioteshea vipo. Mradi wa Viungo, Mboga na Matunda uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya, ukitekelezwa na mashirika ya PDF, TAMWA Zanzibar na Community Forests Pemba, ulionyesha kwamba wanawake na vijana wa visiwani wako tayari kuufanya ua kuwa bustani wakipata miche na mafunzo. Pembeni mwa miche ya karafuu, mdalasini na pilipili manga, pawepo safu ya mbungo, safu ya mkunazi kwa ajili ya ukanda wa mawe, na zambarau zilizobebeshwa, kwani mche wa kubebesha huzaa mapema kuliko wa kokwa na hulinda utamu wa mama yake. Kuhusu kungoja miaka hadi tunda la kwanza, Mpemba anayengoja mkarafuu miaka sita au saba hana haja ya kuhubiriwa subira.

Kazi yenyewe ya kitalu itakuwa na ugumu mmoja wa mwanzo: mbegu ichukuliwe kwenye mbungo gani? Yapo mabungo yenye nyama nyingi na yapo yaliyojaa kokwa tupu. Yapo yenye ukali unaovumilika na yapo ambayo chumvi haiyasaidii. R. O. Williams aliandika mimea yenye manufaa ya Unguja na Pemba katika kitabu kilichochapishwa Zanzibar mwaka 1949, lakini kitabu hakiwezi kukwambia mti upi wa nyuma ya mto upi ndio mtamu. Wanaolijua hilo ni wachuuzi wanaoleta vikapu soko la Konde, na watoto wa skuli wanaopita njia hizo kila siku. Afisa wa kilimo atakayekwenda kuwauliza aende msimu wa mabungo, achukue daftari na kisu, na asiwatangulie kwa maelezo.